Bado ni Mbegu

Kuna maandishi ambayo hakuna mtu huyahakiki ingawa yanasomwa kuliko riwaya nyingi: zile ilani fupi zinazobandikwa juu ya makala ya Wikipedia. Mistari miwili, mitatu, bila jina la mwandishi. Lakini kwa msee aliyekesha akiandika makala yake ya kwanza kwa bando la mkopo, hiyo ndiyo sauti ya kwanza kumjibu. Basi tuzisome kama tunavyosoma fasihi.

Ya kwanza ni ilani ya kufuta. Mnamkumbuka Makmende? Machi 2010, Just A Band walitoa video ya "Ha-He", na jina la zamani la mtaani likafufuka. Kila mtu mtandaoni alikuwa na kichekesho chake. Watu wakaingia Wikipedia ya Kiingereza kumwandikia ukurasa. Ukafutwa, ukaandikwa tena, ukafutwa tena, mpaka ulipokubaliwa. Sheria ya kudai vyanzo vya kuaminika sina noma nayo. Bila hiyo, kamusi elezo ingejaa porojo. Noma yangu ni lugha. Ilani ya kufuta huongea kama kanjo: inataja kanuni uliyovunja, inakuelekeza kwa kurasa za masharti ndefu kuliko makala yako, basi. Chanzo gani kingetosha? Hapo unajijazia.

Na hasara yake inajulikana. Baada ya 2007 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walianza kupungua. Watafiti waliochunguza kisa hicho walikuta wageni wengi wenye nia njema wakirudishwa nyuma haraka, mara nyingi kwa msaada wa programu, kisha wakitoweka.

Ilani ya pili ni yetu. Makala ambayo hayajakamilika, Kiingereza huyaita kwa neno la kipande kilichobaki, kama kishina cha penseli. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ilichagua neno mbegu. Inakwambia makala haya bado ni mbegu, kisha inakukaribisha uongeze unachojua. Angalia hilo "bado". Kosa limegeuka kuwa umri. Hii ni tafsiri iliyoushinda uandishi wa asili, na aliyeitunga anastahili heshima.

Lakini tusijidanganye. Mbegu ni tamu, ila ni mvivu. Inabandikwa kwenye makala ya mji, mwanasiasa na samaki kwa maneno karibu yaleyale, na haisemi mmea umekwama wapi. Panga halina huruma. Mbegu haina maelezo.

Kinachokosekana ni sentensi ya mtu. Kwa mfano: "Aya yako kuhusu soko iko sawa kabisa. Mwaka wa kufunguliwa umeutoa wapi? Kama kuna gazeti liliandika, litaje hapo chini. Ukikwama, niite." Hapo mhariri amesoma kweli, ameuliza swali moja linalojibika, na hajaulegeza ukweli hata kidogo. Kuandika hivyo kunachukua dakika mbili. Najua wakabidhi wanajitolea na kazi ni nyingi, lakini dakika hizo ndizo uhakiki wenyewe.

Makmende alirudi kwa sababu alikuwa na jeshi la mashabiki. Dada anayeandika peke yake kuhusu historia ya mtaa wake hana jeshi. Akifutwa bila neno, harudi, na mtaa wake pia unabaki nje.