Namna ya Kumpima Mwongozaji wa Nyayo za Dinosaria

Mwongozaji hodari wa nyayo za dinosaria hujulikana dakika tano baada ya kufika kwenye mwamba, na kinachomtambulisha ni ukimya. Anawaacha wageni waangalie. Mmoja atasema hapa pana shimo, mwingine ataona jingine mbele yake, wa tatu atagundua kwamba mashimo hayo yanapishana kushoto na kulia, na taratibu kundi zima litaona kwa macho yake mnyama alikotoka na alikoelekea. Hapo ndipo yeye huanza kusema. Asiyeijua kazi yake hushuka garini kidole kikiwa tayari kimenyooka: huyu Allosaurus, huyu Apatosaurus, haya tusogee. Wageni wanaondoka na majina mawili na picha kadhaa, na mwamba hawakuusoma.

Mfano nitakaoutumia ni bonde la mto Purgatoire, kusini mwa mji mdogo wa La Junta, upande wa kusini-mashariki wa jimbo la Colorado, Marekani. Eneo lenyewe huitwa Picketwire. Kwenye mwamba wa chokaa ulio kandokando ya mto, na mwingine ndani ya maji yenyewe, kuna nyayo zaidi ya 1,900 katika misururu kama 130, zilizoachwa miaka milioni 150 hivi iliyopita na wanyama waliokuwa wakitembea ufukweni mwa ziwa. Mtoto wa shule alizigundua mwaka 1935. Mwaka 1938 alifika Roland T. Bird wa jumba la makumbusho la New York, akaziona, lakini kazi yake kubwa akaifanyia Texas. Utafiti wa kina ulisubiri hadi miaka ya 1980, Martin Lockley na wenzake walipochora ramani ya mwamba huo, msururu kwa msururu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, enzi hiyo haina ugeni. Mjusi wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi, Tanzania, na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na leo imesimama Berlin, aliishi karibu wakati uleule na wanyama wa Colorado, na alikuwa wa ukoo mmoja na wale wa shingo ndefu. Tendaguru ilitupa maumbile yao. Picketwire inatupa mwendo wao wakiwa hai: kasi, na nani alitembea na nani. Kwa sababu hiyo mwongozaji wa nyayo anahitaji ustadi tofauti na wa yule anayetembeza wageni kati ya mifupa ya makumbusho.

Kwanza mpime kwa anavyouchambua unyayo mmoja. Mnyama mzito akikanyaga tope, shinikizo la mguu halikomi juu. Linashuka na kukunja tabaka zilizo chini. Miaka mamilioni baadaye tabaka la juu likimomonyoka, tunachokiona huenda ni kivuli tu cha unyayo kwenye tabaka la chini yake: kipana zaidi, chenye kingo laini, bila kucha wala alama za nyama ya mguu. Mgeni asiyeambiwa hili atapima kivuli hicho na kudhani mnyama alikuwa mkubwa kuliko alivyokuwa. Unyayo wa kweli una ukuta unaoonekana, una mdomo wa tope lililosukumwa pembeni, na mara nyingine kina chake si sawa pande zote, maana mguu hutua kwa namna moja na kujisukuma kwa namna nyingine. Mwongozaji anayeijua fani atakuonyesha unyayo mzuri na mbovu zikiwa karibu, na akueleze tofauti. Anayekupeleka kwenye ule mmoja tu mzuri wa kupigia picha amekunyima nusu ya elimu.

Muulize pia juu ya nyayo bandia. Wakati wa ugumu wa uchumi wa miaka ya 1930, wenyeji wa Glen Rose, kando ya mto Paluxy huko Texas, walichonga nyayo kwenye mawe na kuziuza, zikiwemo za eti binadamu majitu. Nyayo za namna hiyo ndizo zilizomvuta Bird hadi Glen Rose, akakuta huko nyayo halisi za dinosaria, nzuri ajabu. Jiwe likikatwa, ukweli hudhihirika: chini ya unyayo halisi tabaka zimepinda kufuata mguu, ilhali chini ya ule wa kuchongwa tabaka zimekatwa na patasi na kuendelea mbele zikiwa zimenyooka. Mwongozaji anayeweza kulieleza hili kwa kijiti tu, akichora mchangani, huyo nampa alama zote.

Kisha kuna jua. Hili ndilo linalotenganisha mafundi na wababaishaji, nami nalipa uzito kuliko jingine lolote. Ziara ya siku moja Picketwire huondoka La Junta asubuhi, magari yakifuatana kwenye barabara mbovu ya bondeni, na ni rahisi sana kundi kufika kwenye mwamba jua likiwa utosini. Saa sita mchana nuru hudondoka wima na kuufuta unyayo: hakuna kivuli, hakuna kina, mwamba wote unaonekana sahani moja. Fundi hulijua hilo kabla hajawasha gari. Hupanga ratiba ili kwenye mwamba mfike mapema au mkae hadi jua lianze kuinama, na vituo vingine vya bonde, kama magofu ya kanisa la Dolores na makaburi yake, au michoro ya kale ya wenyeji kwenye miamba, avitumie kujaza saa za mchana. Mpango ukishindikana, ana mbinu: huwasimamisha wageni watie kivuli juu ya unyayo, halafu humulika tochi kutoka ubavuni, karibu kabisa na ardhi. Ghafla vidole vitatu vinajitokeza pale ambapo watu walikuwa wamepita bila kuona kitu. Mvua ikiwa imenyesha, hutumia pia maji yaliyotuama ndani ya nyayo, kwa kuwa msururu wa madimbwi huonekana toka mbali kuliko msururu wa mashimo makavu.

Asiyejua mbinu hizi hupaka chaki, au humwaga kitu kwenye unyayo ili uonekane kwenye picha. Ukiona hivyo, kataa waziwazi.

Turudi kwenye majina. Unyayo hauji na cheti cha kuzaliwa. Mtafiti makini huupa unyayo jina lake wenyewe, mbali na jina la mnyama, kwa sababu mnyama hakufia pale. Nyayo za wanyama wa shingo ndefu wa Picketwire zimepewa jina Parabrontopodus, na kinachozitambulisha ni wembamba wa njia: mguu wa kulia na wa kushoto imetua karibu karibu, pasipo nafasi kubwa katikati. Mwambie mwongozaji akuonyeshe nafasi hiyo. Akuonyeshe pia mguu wa mbele, mdogo na wenye umbo la mwezi mwandamo, ambao mara nyingi umekanyagwa na mguu mkubwa wa nyuma ukabaki kipande tu. Za wala nyama zina vidole vitatu vyembamba. Kusema ziliachwa na Allosaurus ni dhana yenye msingi, kwa kuwa mifupa yake imo kwenye miamba ya enzi hiyo, lakini ni dhana. Neno "huenda" kinywani mwa mwongozaji ni dalili ya ustadi. Nalisikiliza kwa makini, na ninapolikosa saa nzima huanza kutilia shaka mengine yote.

Mahali pazuri pa kulisikilizia ni kwenye misururu ya wale wa shingo ndefu walio wadogo kwa umbo, inayokwenda sambamba kuelekea magharibi. Inasemwa ni vijana waliokuwa wakitembea kundi moja. Mwongozaji wa kawaida huishia hapo, wageni wakifurahi. Aliyebobea huuliza: tunajuaje kwamba hawakupita kila mmoja siku yake, wakifuata ufuko uleule? Kisha anawashusha kwenye mwamba kutafuta jibu. Je, nafasi kati ya misururu inabaki ileile? Mmoja akikunja, na wengine wanakunja? Kuna pahala wanakanyagiana? Kina cha nyayo kinalingana, ishara kwamba tope lilikuwa na ulaini mmoja? Wageni wanaobishana juu ya maswali hayo wakiwa wamechuchumaa juani wamepata ziara ya daraja la juu.

Hesabu ya mwendo nayo ni kipimo kizuri. Mwaka 1976 mwanasayansi Mwingereza R. McNeill Alexander alionyesha namna ya kukadiria kasi kutokana na urefu wa hatua na kimo cha nyonga, na kimo hicho hukisiwa kuwa kama mara nne ya urefu wa unyayo. Chukua unyayo wa sentimita 45. Nyonga itakuwa kwenye mita 1.8. Ikiwa toka mguu wa kulia unapotua hadi mguu huohuo unapotua tena ni mita 2.4, kasi inakuja kama kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Mwongozaji mwenye utepe wa kupimia mfukoni na hesabu hii kichwani anaweza kumfanya mtoto wa miaka kumi atembee ubavuni mwa dinosaria kwa kasi yake halisi. Muhimu ni kwamba asiiongezee chumvi. Wanyama wengi walioacha nyayo walikuwa wanatembea tu, na kuwakimbiza kwa maneno ili wageni wasisimke ni kuwadanganya.

Australia ina somo juu ya hilo. Karibu na Winton, jimboni Queensland, kuna mwamba wa Lark Quarry wenye nyayo zipatazo 3,300, nyingi za wanyama wadogo. Mwaka 1984 watafiti waliusoma kama mkanyagano: mla nyama mkubwa amewashtua wadogo, wakatimua mbio. Kuanzia 2011 Anthony Romilio na Steven Salisbury wakapinga, wakisema yule mkubwa huenda alikuwa mla majani, na wadogo wengi walikuwa wakiogelea au kupita kwenye maji ya kina kifupi. Ukifika huko, ngoja uone kama mwongozaji atakupa tafsiri zote mbili. Anayekupa ya kusisimua peke yake anauza hadithi.

Mwisho mpime kwa anavyoulinda mwamba. Picketwire mto wenyewe ndio adui: gharika huleta tope na kufunika, mkondo hula kingo na kung'oa mabamba. Watu wa kujitolea hufagia tope kwa mikono. Binadamu naye ana madhara yake. Mwaka 2018 wasimamizi wa hifadhi ya Red Fleet, Utah, walilazimika kuwaomba wageni waache kutupa ziwani mabamba yenye nyayo. Mwongozaji mzuri husema mapema, kabla ya viatu kugusa mwamba, pa kukanyaga na pasipokanyagwa, naye mwenyewe hufuata. Haoni haya kuwaambia kwamba nyayo nyingine zimeachwa chini ya mchanga makusudi. Ndivyo ilivyofanyika kwetu Laetoli, Tanzania: nyayo za mababu wa binadamu zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey kuanzia 1978, zilifunikwa tena ili mizizi na mvua visizimalize. Atakayekulalamikia kwamba "wameficha" hajui kazi yake.

Kuhusu maji, kofia na chakula, mwongozaji yeyote mwenye kibali atakukumbusha, na joto la kiangazi bondeni hupita nyuzi 38, kwa hiyo umsikie.

Ziara za kuongozwa Picketwire husimamiwa na idara ya misitu ya Marekani, na kwa kawaida hufanyika Jumamosi za Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Kila mgeni huja na gari lake, refu toka ardhini na linalovuta kwa magurudumu yote manne. Asiye na gari la namna hiyo anaweza kushuka kwa miguu kupitia njia ya Withers Canyon, kama kilomita 17 kwenda na kurudi, ila huko atakosa mwongozaji. Ukiweza kuchagua, chagua ziara, tena ya Oktoba, jua linapokuwa limelala zaidi. Weka nafasi mapema, na unapoweka uliza swali moja: kwenye mwamba tutafika saa ngapi?