Taarab Isiyopigwa Msasa: Santuri ya Nyota kutoka Tanga

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa santuri iliyoitwa Nyota, mkusanyo wa nyimbo za vikundi viwili vya taarab vya mjini Tanga: Black Star Musical Club, na Lucky Star Musical Club kilichozaliwa na mfarakano ndani ya hicho cha kwanza. Mwaka uliotangulia, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa mfululizo wa santuri za Zanzibar, zikiwemo za Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Santuri za Unguja zilipata wasikilizaji ng'ambo na hadi leo hutajwa kila yanapozuka mazungumzo ya taarab. Nyota haikubahatika hivyo. Imebaki kitu cha wachache, na miongoni mwa wajuzi wa Visiwani hutajwa, ikitajwa, kwa tabasamu la kuihurumia.

Tabasamu hilo lina sababu yake. Sikio lililolelewa na udi, kanuni, nai na safu ya fidla hutazamia kupokewa kwa heshima: kwanza bashraf, kisha ala zijibizane, kisha mwimbaji ainuke pale wasikilizaji wanapokuwa wamekwisha kutulia. Katika santuri ya Tanga hakuna anayempokea mgeni. Gitaa la umeme linatamka maneno yake mawili matatu, gitaa la besi na ngoma ndogo zinaingia, na kabla msikilizaji hajakaa vyema mwimbaji amekwishafika kwenye ubeti. Hakuna anayesimama kuonyesha alichosomea. Wako walioamua kwamba hii si taarab, ni dansi iliyojitanda buibui.

Hukumu hiyo ina nusu ya ukweli. Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa bandari, wa reli na wa mkonge, umejaa watu wa bara waliofuata kazi, na bendi zake za dansi, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, zilikuwa na sifa Afrika Mashariki nzima. Gitaa lilikuwa karibu zaidi kuliko kanuni. Black Star walichukua kilichokuwa mkononi, wakakitia mwendo wa rumba na mirindimo ya ngoma za mwambao, na ushairi wakauacha ulivyo: vina, mizani, na mafumbo ambayo mtu wa Mvita au wa Ng'ambo angeyafumbua bila kusaidiwa. Walichokipunguza ni ala. Neno hawakuligusa.

Na hapo ndipo penye siri ya mvuto wake. Okestra kubwa humsitiri mwimbaji. Akipungukiwa pumzi, fidla humfunika; neno likimponyoka, kiitikio cha ala hulifuta. Katika vikundi vya Tanga mwimbaji hana pa kujificha. Msikilize Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyepita katika vikundi hivyo vyote viwili na kufariki dunia mwaka 2016. Sauti yake ni nyembamba, imenyooka, haina haraka ya kujipamba. Wimbo unaohusishwa zaidi na jina lake, Macho Yanacheka, umesimama juu ya fumbo moja tu, la uso unaoonyesha furaha ambayo moyo haunayo. Mwimbaji mwingine angelililia fumbo hilo. Shakila hulitamka karibu kama anayetoa habari, huku ala zikiendelea na mwendo wao wa kuchezeka, kana kwamba zenyewe ndizo yale macho, na sauti ndiyo moyo. Ziongezwe ala kumi za kuomboleza pamoja naye, fumbo lote litakufa, kwa kuwa uso na moyo vitakuwa vinasema jambo moja.

Si ajabu kwamba waliolisikia hilo mapema ni watu waliotokea upande wa pili kabisa wa muziki. GlobeStyle ilianzishwa katikati ya miaka ya 1980 na Ben Mandelson na Roger Armstrong. Armstrong huyo ndiye aliyekuwa mmoja wa waasisi wa Chiswick, lebo ndogo ya London iliyotoa mwaka 1976 santuri ya 101ers, bendi ya Joe Strummer kabla hajaingia The Clash. Roki ya panki iliyofuata ilijengwa na vijana waliokataa kungoja ruhusa ya mafundi: gitaa, besi, ngoma, dakika tatu, basi. Kuwaita Black Star mapanki itakuwa kichekesho. Hawakuvunja adabu yoyote, na waliovaa suti hawakuzichana. Lakini sikio lililozoea kuamini kwamba ukavu wa sauti ni aina ya ukweli halikuhitaji kufundishwa kuipenda Tanga.

Sikio la Unguja nalo halikuhitaji kufundishwa, laiti lingekumbuka. Nyuma ya nyumba zile zile zilizoipenda Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, palipigwa kidumbaki: fidla moja, sanduku la kamba, ngoma mbili ndogo na wanawake wakicheza. Siti binti Saad mwenyewe, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, hakwenda na okestra.

Sifa hizi zisiifiche kasoro ya santuri. Baada ya wimbo wa nne au wa tano mwendo huanza kufanana, ngoma hazitafuti njia mpya, na anayependa kusafirishwa na maqamu atabaki kituoni. Nyota ni mkusanyo. Nyimbo zake zilirekodiwa zije moja moja katika santuri ndogo, kupitia wafanyabiashara wa Mombasa, si zifuatane kwa saa nzima. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukabaki hivyo hadi 1983, njia hiyo kati ya Tanga na Mombasa haikuwa tena rahisi, na haishangazi kwamba jina la vikundi hivi lilififia kuliko nyimbo zenyewe.

Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 na baadaye ilirithi kutoka Tanga besi na hamu ya kuchezesha. Haikurithi uchache. Kinanda cha umeme kiliingia na midundo iliyokwisha kupangwa, kila penye nafasi pakajazwa, na mipasho ikalazimika kupiga kelele ili isikike.

Anayetaka kuijaribu Nyota asiisikilize mfululizo. Achague nyimbo mbili, moja ya kila kikundi, azisikilize usiku, na asipandishe besi.