Subira ya Fundi wa Kerneli

Kisumu Ndogo, Kibera, yuko fundi wa ruta anayewaudhi wenye haraka. Akitaka kuondoa draiva, huangalia kwanza ni nani bado anaitumia, huifunga njia, husubiri, ndipo aitoe. Wenzake huchomoa waya wa umeme, wakachomeka tena, wakadai hela yao.

Mimi namvulia kofia. Ruta nyingi za mitaa hii zinaendeshwa na Linux, na ndani ya kerneli, kiini cha mfumo huo, moduli moja, kama vile draiva, huiachia nyingine kielekezi, yaani anwani ya fanksheni ya kuitwa pakiti inapofika. Moduli ikitolewa huku jirani yake angali na anwani ile, mwito unaofuata unaangukia patupu na ruta nzima inazimika. Mkazi wa Kibera hahitaji kufafanuliwa zaidi. Julai 2018, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, aliyekuja kwa maelekezo ya jana alikuta vifusi.

Zamani moduli ilijihesabia watumiaji wake yenyewe, hesabu ambayo ingeweza kuanza wakati moduli yenyewe imeshaanza kuondolewa. Mwaka 2002 mwanaprogramu wa kerneli Rusty Russell aliandika upya mfumo wa kupakia moduli, na hesabu ikawa juu ya anayeita, kabla hajaingia. Mwaka huohuo Linux ikapokea RCU (read-copy-update), mbinu ya kuondoa kitu bila kumwangusha anayekisoma, kazi ya Paul McKenney na wenzake. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kielekezi hufutwa kwanza, asiingie mwingine. Kisha hungojwa kila prosesa iliyokwisha kuingia itoke. Ndipo kumbukumbu iachiliwe. Msimbo unaokisoma kielekezi nao hukinakili mara moja tu, ukakagua kama si tupu, ukaita kilekile ulichokagua. Ukirudi kukisoma tena, huenda kimefutwa kati ya ukaguzi na mwito. Pengo hilo ni dogo mno, jaribio la mchana mzima linaweza lisilione. Anayeliziba hasifiwi na yeyote, kwa kuwa kazi yake ikifaulu hakuna kinachotokea.

Sasa ruta za bei nafuu zinaingia sokoni na draiva za wi-fi zilizofungwa, zilizotengenezwa kwa kerneli za kale, msimbo wake haupatikani. Ruta ikianguka jioni watumiaji wakijaa, fundi wetu husoma kumbukumbu za hitilafu, akaiona anwani iliyoitwa, akaujua ugonjwa. Ila hana mstari wa kusahihisha. Humwambia mwenye ruta anunue nyingine.