Kable iliyolala kwenye baridi, témoin yake iko wapi?

Wandugu, kwaya yetu ilikuwa karibu kutoa michango ya miezi mitatu juu ya kable za sono "zilizotibiwa kwa baridi". Mimi mtu wa agro nikaomba karatasi ya matangazo niisome kwanza.

Fabrikanti anasema hivi: kable inatumbukizwa ndani ya azoti ya maji, -196 °C, kristali za shaba zinajipanga vizuri, sauti inatoka safi. Neno hili halikutoka hewani. Baridi ile kweli inakomaza chuma cha vyombo vya kukatia, juu muundo wake wa ndani unabadilika. Shaba haina badiliko hilo. Na kama baridi inapunguza ukinzani wa umeme, shaba ikirudia joto la nyumba, ukinzani nao unarudi. Nani anaimba ndani ya azoti?

Tupige hesabu. Kable ya mita 3, waya wa 2.5 mm², kwenda na kurudi ni mita 6: kama ohm 0.04. Bafle iko na ohm 8. Hata tiba ikiondoa nusu nzima ya ukinzani wa kable, tunagusa robo ya asilimia moja tu.

Lakini hesabu haitoshi, na wanaosema wanasikia tofauti si waongo. Shida ni kwamba wanajua kable gani imefungwa na bei yake. Ronald Fisher, aliyefanya kazi kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alieleza mwaka 1935 habari ya mwanamke aliyedai anaonja kama maziwa yametangulia chai kikombeni. Hakuna kubishana: vikombe 8, vinne hivi na vinne vile, vimechanganywa. Kupatia vyote kwa bahati ni mara 1 kwa 70.

Kable nazo vile vile. Vipande viwili vya roli moja, kimoja kitibiwe, kingine hapana, vifichwe, mtu asikilize mara 16. Akipatia 12 ao zaidi, tutamsikiliza: bahati tupu inatoa hivyo chini ya mara 4 kwa 100.

Karatasi ile ina picha za mikroskopi na shuhuda kumi na moja. Témoin, hata moja hakuna. Mfuko wa mbolea ukikuja hivyo, tungeukataa. Feza ya kwaya nayo ni jasho la watu.