Safari ya Wawili, Kalamu ya Mmoja

Wahenga walisema msafiri kafiri. Maneno hayo yamefasiriwa kwa njia nyingi. Mimi nayachukua kwa maana ya kwamba njia ndefu humvua mtu adabu zake za nyumbani, akawa mkali kwa wenziwe, mchoyo wa maji na mwepesi wa kununa. Ikiwa ni hivyo, basi mume na mke hawana mtihani mzito kuliko kusafiri pamoja miaka mingi. Mpagazi aliyechukizwa huweza kutua mzigo akaenda zake. Mke aliyechukizwa katikati ya bara hana pa kwenda, na mume vilevile. Ni ajabu kwamba jambo zito namna hii limeandikwa kidogo. Vitabu vya safari vimejaa katika maktaba zetu, walakini karibu vyote ni vya mwanamume mmoja na umati usio na majina. Hata katika lugha yetu wenyewe ni hivyo. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipoandika maisha yake kwa Kiswahili alituhesabia pembe, baruti, vita na madeni kwa uangalifu wa mfanyabiashara. Habari za nyumbani kwake zinapita upesi, msomaji asipokuwa macho hazioni.

Kwa sababu hiyo nataka kukitazama kitabu cha Samuel White Baker kiitwacho *The Albert N'yanza*, kilichotolewa London mwaka 1866. Wanahistoria wamekisoma sana kwa ajili ya mto Naili na kwa ajili ya ufalme wa Bunyoro. Mimi nakisoma kama habari ya watu wawili iliyoandikwa kwa kalamu ya mmoja, na hoja yangu ni kwamba kitabu hiki huwa kizuri mahali pale ambapo mwandishi wake anashindwa kuwa peke yake.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Baker na Florence waliondoka Cairo mwezi wa Aprili 1861. Wakakaa karibu mwaka mzima katika nchi za mpakani mwa Uhabeshi wakijifunza Kiarabu na kuzoea jua, wakafika Khartoum mwaka 1862, na Februari 1863 walikuwa Gondokoro, ambako waliwapokea Speke na Grant waliotoka Unguja kwa njia ya bara. Speke aliwaambia kwamba liko ziwa jingine upande wa magharibi ambalo yeye hakuliona. Wakalifuata. Waliliona tarehe 14 Machi 1864, wakarudi Khartoum Mei 1865. Farasi walikufa, ngamia wakafa, punda wakafa, wakapanda ng'ombe. Kwinini ikaisha, homa isiishe.

Mwanzoni mwa kitabu Baker anaeleza kwamba alimsihi mkewe abaki, naye akakataa, na hapo anamfananisha na Ruthu wa Biblia, yule aliyesema kwamba atakwenda kila uendako wewe. Mfano huo umesifiwa na wengi. Kwangu mimi ndio dalili ya kwanza kwamba mwandishi hajui la kufanya na mwenzake. Ruthu hakuyasema maneno hayo kwa mume. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, na aliyeambiwa ni mama mkwe. Isitoshe, Ruthu anasema kwa kinywa chake mwenyewe, na Florence hapewi kinywa. Anaazimwa cha mwingine. Waswahili husema usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa hesabu za kitabu hiki mwanamke huyu alisafiria nyota ya mwenzake miaka minne, wala hatuambiwi hata mara moja kama yeye mwenyewe alikuwa na nyota aliyoitazama.

Walakini kitabu kirefu hakiwezi kudumu katika ubahili wa namna hiyo, kwa maana matukio yanamlazimisha mwandishi. Tazama maasi ya Gondokoro. Watu wa msafara wamegoma, bunduki ziko mikononi, Baker amempiga kiongozi wao na sasa amezungukwa. Mpaka hapo ni masimulizi ya kawaida ya shujaa. Tumeyasoma mara mia. Ghafula mkewe, aliyekuwa amelala kwa homa, anatoka na kujitia katikati, anawaita kwa sauti wale ambao ukaidi wao ni mdogo wamsaidie, na watu wanasita. Katika kusita kule Baker anaamuru ngoma ipigwe na watu wapange safu. Sentensi za Baker hapa zinabadilika. Zilikuwa ndefu na zenye kujikweza. Zinakuwa fupi na za kweli. Ni dhahiri kwamba mtu huyu aliokolewa, anajua aliokolewa, na kwa ukurasa mmoja hasikii haya kulikiri. Kadhalika hila iliyofuata hakuigundua yeye. Iligunduliwa na mtoto Saat, kijana aliyefukuzwa kwa wamisionari wa Khartoum akajiweka chini ya malezi ya Florence, naye alikwenda kumwambia mama yake huyo wa kupanga. Saat alikufa kwa tauni njiani walipokuwa wakirudi, na kurasa za kifo chake ni miongoni mwa chache ambazo Baker anamwandika Mwafrika bila ya dharau.

Nimetaja dharau, na sharti niseme wazi: kitabu hiki kimejaa. Msomaji wa leo atakutana na hukumu juu ya watu wa Naili ambazo hazistahili kurudiwa hapa, na asidhani kwamba mapenzi ya mtu kwa mkewe yanamtakasa na hayo. Tena mambo hayo mawili yameshonwa pamoja, na mshono unaonekana vizuri zaidi Bunyoro.

Kisa cha Bunyoro kinajulikana. Baker anaomba ruhusa ya kwenda ziwani. Mfalme Kamrasi anajibu kwamba atampa watu wa kumpeleka, ila amwachie mkewe. Baker anatoa bastola na kumwelekeza kifuani. Florence anainuka na kumkemea mfalme kwa Kiarabu, lugha ambayo mfalme haijui hata kidogo. Na mkalimani, mwanamke wa Bunyoro aitwaye Bacheeta, anaitafsiri kemeo ile kwa ari. Mfalme anashangaa, anasema hakukusudia ubaya: desturi yake ni kuwapa wageni wake wake wazuri, akadhani kwamba wanaweza kubadilishana. Baadaye yagundulika kwamba hakuwa Kamrasi hata kidogo, alikuwa ndugu yake aliyetumwa kukaa mahali pake.

Wasomaji wa Kizungu wa zama zile walikichukua kisa hiki kama tamthilia ya heshima ya mke. Mimi naona vichekesho vya aina ya juu, ambavyo mwandishi hakukusudia vyote. Mfalme si mfalme; matusi hayafahamiki; bastola inamtisha mtu asiyejua kosa lake. Na katikati ya wakubwa hao wote anayeshika hatamu ya mazungumzo ni Bacheeta, mwanamke mtumwa katika msafara wa wafanyabiashara wa Khartoum. Kila neno la Florence lililofika sikioni mwa mfalme ni neno la Bacheeta. Kitabu kinatuambia juu ya safari ya wawili, na hapa twaona kwamba wawili hao hawakuweza hata kukasirika bila ya mtu wa tatu.

Kisha yanakuja mambo ya mto Kafu, ambayo hata msomaji mwenye moyo mgumu hayasomi kwa haraka. Mto umefunikwa na majani yanayoelea, nao wanavuka juu yake kwa miguu. Baker anageuka nyuma amwone mkewe, amwona amesimama katikati akizama polepole, uso umebadilika rangi, kisha anaanguka kama aliyepigwa risasi. Jua lilimpiga. Wakambeba juu ya kitanda cha kamba siku nyingi, hana fahamu, na alipozinduka alizinduka na wazimu wa homa. Mwendo haukuweza kusimama kwa kuwa chakula hakipo. Baker anatembea kando ya kitanda mchana kutwa na kukesha usiku, mpaka naye anaanguka kwa uchovu. Na watu wake wanatia mpini mpya katika sululu, wakatafuta mahali pakavu pa kuchimba kaburi. Asubuhi anaamka na kumwona mkewe ametulia, akadhani ni utulivu wa mauti. Alikuwa hai.

Sijui katika vitabu vya wavumbuzi mahali pengine ambapo mwandishi amekubali hivi kwamba hakuna alichokwenda kukitafuta kinacholingana na alichokuwa karibu kukipoteza. Hasemi maneno hayo. Sululu ndiyo inayosema. Angaliandika yote kwa namna hiyo, tungalikuwa na kitabu kikubwa. Siku chache mbele analiona ziwa, na majivuno yanarudi, pamoja na shukrani kwa Mungu na heshima kwa Uingereza. Hata hivyo yamebaki maneno machache juu ya mteremko: yeye akishika mwanzi, Florence akimwegemea begani kwa udhaifu, wakipumzika kila baada ya hatua chache, hadi kokotoni, ambako walikunywa maji yake. Ziwa akalipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria aliyekufa mwaka 1861. Wenyeji walikuwa na jina lao, Mwitanzige, ambalo Mswahili husikia maana yake nusu bila ya kufundishwa.

Kama ningeulizwa nichague kurasa za kumpa mwanafunzi, nisingechagua ziwa. Ningechagua Shooa Moru. Wapagazi wamewakimbia, vita vimeteketeza vijiji, na wawili hawa wamekwama kiasi cha miezi miwili karibu na mto wakila unga ulioota ukungu na mboga za mwituni, na kunywa maji ya majani yenye harufu mahali pa chai. Wamekwisha kukubali kufa. Baker amempa msimamizi maagizo kwamba ramani na maandishi yapelekwe Khartoum. Baada ya kulipanga hilo hawana tena la kugombania wala la kutumaini, na wanakaa wakizungumza juu ya chakula. Hamu yake kuu, asema, ilikuwa ni kipande cha nyama ya ng'ombe ya kuchoma cha Kiingereza na chupa ya bia. Mtu aliyeifuata chemchemi ya Naili miaka mitatu anaiuza kwa bia! Hapa kuna faida ya safari ya wawili ambayo mpekee haipati: mwenye njaa akiwa peke yake huota, akiwa na mwenzake huzungumza, na mazungumzo hayo, hata yakiwa ya upuuzi, huwafanya watu wabaki watu. Kurasa hizi hazina fahari, ndiyo maana zina "sisi" nyingi kuliko "mimi".

Imebaki kusema juu ya lile lililonyamazwa. Kwa habari zilizopokewa katika ukoo wao na kukubaliwa na walioandika maisha yao, Florence, mzaliwa wa Transylvania aliyepotewa na wazazi katika vita, aliuzwa mnadani Vidin, mji uliokuwa chini ya Waturuki, na huko ndiko Baker alikompata mwaka 1859. Baker alikuwa mjane mwenye binti wanne aliowaacha Uingereza kwa dada yake. Harusi ya kanisani ilifanyika London tarehe 4 Novemba 1865, yaani safari yote imekwisha. Kitabu hakina hata neno moja la haya. Basi rudi sasa Bunyoro ukakisome tena kisa kile. Mwanamke anayekasirika kwa kuombwa abadilishwe kama bidhaa alikuwa ameiona bei yake mwenyewe. Hasira ile haikuwa ya bibi wa Kiingereza aliyevunjiwa heshima. Yamkini ilikuwa hasira ya mtu aliyetambua jambo alilolijua. Baker hakuweza kutuambia, na kwa kutotuambia ameifanya sura bora ya kitabu chake kuwa ya mzaha.

Kunyamaza huko hakukumfaa. Aliutabaruku uandishi wake kwa Malkia, kwa ruhusa yake, akapewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia cha Kifalme na cheo cha Sir. Lakini Malkia hakukubali kumpokea Florence. Ziwa lenye jina la mume wa Malkia lilionwa na wawili, na mmoja wao hakufunguliwa mlango.

Juu ya kitabu cha pili, *Ismailïa* cha mwaka 1874, sina mengi. Baker alirudi akiwa mtumishi wa Khedivi Ismail wa Misri, mwenye jeshi, mizinga na mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, akapigana na Kabalega, mwana wa Kamrasi, huko Masindi mwaka 1872, akalazimika kurudi nyuma. Florence yuko, lakini jeshi limemfunika. Mtu mwenye askari elfu hana haja ya kusema "sisi" kwa maana ya wawili. Jambo la heri ni kwamba safari hii Florence naye aliandika. Shajara yake ya mwaka 1870 hadi 1873 ilitolewa mwaka 1972 kwa jina la *Morning Star*, ikihaririwa na Anne Baker, aliyeolewa katika ukoo huo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1916 huko Devon, miaka 22 baada ya mumewe, bila ya kukiona kitabu chake. Waacholi walikuwa wamempa jina la Anyadwe, binti wa mwezi, kwa ajili ya nywele zake. Mumewe kitabuni aghalabu alimwita mke wangu.

Mwanafunzi atakayeviweka vitabu hivi viwili mezani kwa pamoja, akaanzia Masindi, atakuwa na kazi ya kutosha. Ya Bacheeta hatayapata katika chochote kati ya hivyo, ila yale aliyotafsiri.