50 ao 85? Ukungu wa nyuma na nyumba yetu ya Mabalako

Kila mara kolasyo ikikaribia, iwe Butembo ao Beni, ninapokea swali moja kutoka kwa wadogo wanaoanza kazi ya foto: "Grand, ninunue 50 ao 85?" Hawaulizi juu ya rangi wala juu ya mwangaza. Wanataka ule ukungu. Wanataka uso wa mhitimu uwe wazi na kila kitu nyuma yake kiyeyuke.

Zamani nilikuwa ninajibu kwa neno moja: 85. Leo jibu langu ni refu, na limebadilika juu ya foto moja niliyoipiga mi mwenyewe.

Tuanze na vyombo. Wajapani wana neno boke, ni kusema kitu kisicho wazi. Mwaka 1997 gazeti la Kimarekani Photo Techniques lilichapisha makala juu ya jambo hilo, na mhariri wake Mike Johnston akaongeza herufi h mwishoni ili wasomaji wake walitamke vizuri. Toka hapo watu wanaandika bokeh. Neno hilo halisemi ukungu ni mwingi kiasi gani. Linasema ukungu wenyewe uko namna gani. Hapo ndipo wadogo wengi wanachanganya: wanahesabu wingi, wanasahau ubora.

Kwetu huku lenzi tatu za Canon ndizo ninazoziona sana mikononi mwa watu. Ya kwanza ni 50 ya zamani, ile ya plastiki iliyotoka mwaka 1990, yenye f/1.8. Ya pili ni 50 mpya ya mwaka 2015, nayo f/1.8. Ya tatu ni 85 ya mwaka 1992, f/1.8 vilevile. Nimezitumia zote tatu, na jioni moja nilizijaribu pamoja fasi moja, nikimsimamisha mdogo mmoja wa chuo kando ya barabara saa ambayo bamotari wanawasha taa.

Zikiwa zimefunguliwa kabisa, kwa f/1.8, zote tatu zinageuza kila taa kuwa duara, na kwenye pembe za picha duara hilo linabanwa linafanana na jicho la paka. Ukianza kufunga tundu kidogo, tofauti inatokea. Ile 50 ya 1990 ina vibati vitano tu vilivyonyooka, basi taa za pikipiki zinakuwa na pembe tano, kama vipande vya karatasi vilivyokatwa na mkasi. Ile ya 2015 ina vibati saba vya mviringo. Taa zinabaki karibu duara. Ile 85 ina vibati vinane, inaonyesha pembe kidogo, lakini jicho linaisamehe.

Taa ni mtihani mwepesi. Mtihani mgumu ni majani. Wale wanaosifu lenzi kwenye video wanapiga mbele ya taa za mji ao ukuta mweupe. Sisi tunapiga mbele ya mimea. Na mimea si mamoja! Mkakao una majani mapana, mazito, yenye kivuli chini yake. Weka mtu mbele ya shamba la kakao na hata lenzi mbaya itakupa ukungu mzuri, wa kijani cheusi, uliotulia. Mgomba pia unasaidia. Lakini weka mtu mbele ya mikaratusi saa sita za mchana, uone. Kila katundu ka mbingu kati ya majani membamba ni taa ndogo, na kila taa ndogo inakuwa duara. Kama lenzi inachora duara lenye ukingo unaong'aa kuliko katikati, maduara yale yanapandana, tawi moja linakuwa mistari miwili, na nyuma ya kichwa cha mtu kunachemka kama sufuria ya sabuni.

Hizo 50 mbili zina shida hiyo, zote mbili. Watu wanadhani ile ya 2015 ni lenzi mpya kabisa. Mpangilio wa vioo ndani ni uleule, vioo sita katika makundi matano. Walichobadilisha ni mota, vibati, mwili. Kwa hiyo taa zimepona, majani hayajapona. Ile 85 inapita mikaratusi kwa upole zaidi. Ukingo wa duara umelainika, mistari miwili haionekani sana. Kilema chake kiko fasi ingine: kitu cheupe juani, kama kola ya shati chini ya toga nyeusi, kinapata uzi wa zambarau. Kwa macho ya fundi, 85 imeshinda.

Simu niipite haraka. Tundu la kamera ya simu nyingi ni milimita 3 hivi, haliwezi kutoa ukungu wa namna hii kwa uso wa mtu. Basi tangu Apple ilipoweka aina ya picha za portreti kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016, simu zinakisia: huyu ni mtu, hii ni nyuma, tupake ukungu. Kwenye foto za kolasyo utaitambua mara moja. Ule uzi unaoning'inia kwenye kofia ya mraba unakatwa katikati, ao sikio moja linakwenda na ukungu.

Sasa hesabu, tafadhali msikimbie. Mtu akisimama mita 2 mbele ya 50, ili nimpate kwa ukubwa uleule na 85 narudi nyuma mpaka mita 3.4. Nukta ya mwanga iliyo mbali sana nyuma yake, tuseme mita 50, inakuwa duara. Tukilipima duara hilo kwa kipimo cha mwili wa mtu mwenyewe, kwa 50 lina milimita 27, kwa 85 lina 44. Tofauti kubwa, kila mtu ataiona. Lakini mtu akisimama mita 1 mbele ya ukuta wa studio, kwa 50 duara lina milimita 9, kwa 85 lina 11 tu. Ni kusema: wewe mwenye studio ndogo, ukinunua 85 juu ya ukungu, umetupa feza zako.

Kuna jambo la pili ambalo nilichelewa kulijua. Nyumba iko mita 10 nyuma ya mtu. Ukiuliza: kwenye nyumba yenyewe, vitu vya ukubwa gani vinafutwa? Kwa 50 f/1.8, kila kilicho chini ya sentimita 14 hivi kinapotea. Kwa 85 f/1.8, ni sentimita 14 zilezile. Zilezile! 85 haifuti zaidi. Inavuta nyuma karibu na kuikuza, basi ukungu unaonekana mkubwa juu nyumba nayo imekuwa kubwa. Na ikiikuza, inaikata. Kama picha inamshika mtu kwa upana wa mita 1, basi kwenye ule mstari wa nyumba 50 inaona mita 6, na 85 haifiki hata 4.

Mita 2 hizo ndizo zinanirudisha kwenye foto yangu.

Yaya wangu alipomaliza masomo, tulirudi nyumbani upande wa Mabalako na toga yake ndani ya mfuko. Baba alitaka foto ipigwe kiwanjani, si mjini. Nilikuwa nimetoka kununua 85, nilikuwa na kiburi nayo. Nilimsimamisha yaya mbele ya nyumba, mita 10 hivi, kakao imeanikwa kwenye turubai upande wa kushoto, mti wa avoka ambao Baba aliupanda mwenyewe upande wa kuume. f/1.8. Jua linaingia kwa ubavu. Ninawaambia ukweli, kama fundi ninaipa foto hiyo alama nzuri hata leo. Macho yako wazi, kila nyuzi ya nyusi inahesabika. Nyuma kuna rangi tatu tu: kahawia, manjano, kijani. Watu waliisifu. Niliitumia kutafuta wateja.

Kisha usalama ulivyoharibika, jamaa ikahama. Hayo hamna haja niwaeleze, wengi wenu mmeyapita. Nyumba ile haiko tena. Siku moja Mama akaniomba nimwonyeshe foto za nyumbani. Nikafungua ile ya yaya, nikakuza, nikamshikisha simu. Akaitazama sana. Akauliza:

– Hapa ni wapi?

– Ni kwetu, Mama. Ule wa kahawia ni mlango.

– Na avoka?

Avoka ilikuwa nje ya picha. Turubai ya kakao ilikuwa ule utepe wa manjano ambao mi nilifikiri ni mwanga mzuri. Mama akanirudishia simu. Foto anayoitunza yeye, aliyoiomba ichapishwe, ni ile ambayo mdogo wetu alipiga siku ileile kwa simu mbovu: yaya amefumba jicho moja, mbuzi anapita, na nyumba iko nzima tangu paa mpaka jiwe la kukalia.

Mtu atasema hayo ni machozi, si uhakiki. Hapana. Foto ya kolasyo ina kazi ya kusema huyu ametoka wapi na amefika wapi. Foto yangu ilisema nusu.

Na si mi peke yangu. Jina la Mabalako lilizunguka dunia tangu 1 Agosti 2018, siku Ebola ilipotangazwa, hapa kwetu Mangina ikiwa kitovu. Ugonjwa ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufa. Foto za wakati ule bado ziko kwenye simu zetu. Angalieni nyingi kati yao: mtu ndani ya vazi la kujikinga, miwani imelengwa mpaka tone la jasho linaonekana, na nyuma yake ukungu wa kijani. Ni kazi ya mafundi wenye lenzi ghali kuliko zangu, na ukungu wao hauna kilema. Lakini kijani kile kingeweza kuwa cha nchi yoyote yenye mvua. Jina letu limeandikwa chini ya picha, fasi yetu haimo.

Linganisheni na Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Baada ya miaka miwili ao mitatu alikuwa analibadilisha, na baadaye, picha zikiwa maelfu na bila tarehe, mapazia yale ndiyo yaliyomwambia kila picha ni ya wakati gani. Nyuma ya picha ilikuwa kalenda yake. Jaribuni kufanya hivyo na foto zetu za leo za f/1.8.

Kuna upande mwingine, nisiuruke. Mama mmoja aliyehama aliniomba portreti, akasema wazi: fasi ninapokaa isijulikane. Hapo ukungu ni ulinzi, na nilimpiga kwa f/1.8 mbele ya mikakao. Lakini hata hapo kumbukeni zile sentimita 14. Kibao chenye herufi kubwa, mnara, umbo la kanisa, hivyo havifutwi na lenzi yoyote kati ya hizi. Kwa huyo mama nilimgeuza mwelekeo kwanza, ndipo nikafungua tundu.

Basi jibu la swali lenu. Chukua 50 ya mwaka 2015. Epuka mikaratusi ya mchana. Mtu akiwa kwao, funga tundu mpaka f/8; kwa umbali uleule wa nyumba, kitakachofutwa ni cha sentimita 3 tu, nguzo zitabaki, mlango utakuwa mlango, na uso bado utatoka mbele. Wateja wengine watanung'unika kwamba foto "haina ukungu". Wapigie mbili: moja ya f/1.8 ya kuweka kwenye profili, moja ya f/8 ya kumpelekea mzazi. Dakika moja inatosha.

85 yangu iko sandukuni. Siiuzi, kwa harusi za ndani inafaa sana. Anayetaka kuijaribu kabla ya kununua yake aniandikie, lakini aje na kamera yake na betri imejaa, umeme huku mnaujua.