Hadithi ya Malaika wa Kijabe, na Watu Walioachwa Nje Yake

Iko hadithi moja ipendwayo sana makanisani, nayo imefika mpaka kwetu Shinyanga na Geita. Yasema kwamba siku za vita vya Mau Mau, katika nchi ya Kenya, kundi la wapiganaji lilipanda usiku kwenda kuishambulia shule ya watoto wa wamisionari huko Kijabe. Walipoikaribia wakageuka, wakarudi walikotoka bila kumdhuru mtu. Baadaye mmoja wao alikamatwa, akaulizwa sababu ya kurudi. Akajibu kwamba waliona watu wengi wenye mavazi ya kung'aa wameizunguka shule pande zote. Na usiku huo wamisionari walikuwa ndani wakiomba. Hadithi yaishia hapo, na wasikilizaji huitikia, Amina.

Hatuandiki ili kuikanusha. Mungu aweza kuwalinda watu wake kwa njia apendayo, wala si kazi yetu kumwekea mipaka. Walakini hadithi isimuliwayo mbele ya kusanyiko ni kazi ya mwanadamu kama wimbo na kitabu, na kama vitu hivyo yafaa kupimwa. Na sisi wa pande hizi tunayo haki ya kuipima. Misheni ya Kijabe, yaani Africa Inland Mission, ndiyo iliyokipokea kituo cha Nasa, Usukumani, mwaka 1909, na ndiyo iliyoanzisha hospitali ya Kolandoto, karibu na Shinyanga, mwaka 1913. Wamisionari waliofanya kazi kwetu walikuwa wakiwapeleka watoto wao kusoma Kijabe. Basi hii ni hadithi ya nyumba yetu wenyewe.

Kwanza tuuangalie ushahidi wake. Wengine husema waliokuwa wakilinda ni watu wa mavazi meupe. Wengine husema ni askari wenye taa kubwa. Wengine hutaja moto. Tena hadithi ya namna iyo hiyo husimuliwa juu ya mahali pengine. Corrie ten Boom wa Uholanzi aliisimulia juu ya shule moja ya misheni katika Kongo. Billy Graham wa Marekani, katika kitabu chake juu ya malaika cha mwaka 1975, aliisimulia juu ya John Paton katika visiwa vya New Hebrides. Kufanana huku peke yake hakuthibitishi uongo. Lakini mahakamani shahidi huulizwa: ulikuwa usiku gani, nani aliyasema maneno haya, na nani aliyeyasikia kwa masikio yake? Msimuliaji asiyeweza kujibu na akiri kwamba asimulia aliyoyapokea, asiape kama aliyekuwapo.

Hata hivyo kasoro kubwa ya hadithi hii haimo katika mambo iyasemayo. Imo katika yale inayoyanyamazia.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 mambo mawili yalitendeka, na Kijabe ilikuwa kati yake. Chini bondeni, Naivasha, wapiganaji waliivamia stesheni ya polisi, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa. Juu ya ukingo wa bonde, Lari, wapiganaji wengine walizivamia nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali. Wanaume wengi wa ulinzi walikuwa wametoka kwenda doria. Milango ilifungwa kwa nje, nyumba zikatiwa moto, na waliotoka madirishani wakakatwa kwa mapanga. Waliuawa watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto, pamoja na Luka Wakahangara, chifu wa zamani. Kisha askari na walinzi wakalipiza kisasi usiku uo huo na siku zilizofuata, wakaua watu wengi wasiohukumiwa na mtu. Wako wanahistoria wasemao kwamba huenda hawa wa pili waliwazidi wale wa kwanza kwa hesabu.

Sasa tumweke mama wa Lari, aliyefiwa na watoto wake katika moto ule, akae kanisani asikilize hadithi ya malaika wa Kijabe. Ataelewa nini? Ataelewa kwamba malaika walikuwapo usiku wa vita vile, lakini walisimama penye watoto wa Wazungu, wala hawakufika penye wake. Hadithi haikukusudia kusema hivyo, twajua. Lakini yasema hivyo, kwa kuwa imewataja waliookoka na kuwaacha nje waliokufa.

Luka mwinjilisti hakuandika namna hii. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume atueleza jinsi malaika alivyomtoa Petro gerezani. Lakini kabla ya kufika hapo ameandika kwamba Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Kanisa ni lile lile, na mfalme ni yule yule. Mmoja aliuawa, mwingine alifunguliwa, na mwandishi hatoi sababu wala hamfichi Yakobo ili habari ya Petro ipendeze zaidi. Tena alitaja nyumba walimokuwa wakiomba, na mwenye nyumba, na hata kijakazi aliyekwenda mlangoni, jina lake Roda. Hiki ndicho kipimo chetu. Katika hadithi ya Kijabe, Roda yuko wapi?

Maana Kijabe haikuwa na wamisionari peke yao. Miaka ile ya Hali ya Hatari shule ilizungushiwa seng'enge na kuwekewa walinzi. Kuzunguka misheni walikaa Wakristo Wakikuyu, na mzigo wao ulikuwa mzito kuliko wa mgeni yeyote. Mgeni aliweza kupanda meli akaenda kwao. Wao walikuwa kwao tayari. Wako waliokataa kula kiapo wakauawa kwa ajili hiyo. Wako pia waliokikataa kiapo na kukataa vilevile kushika bunduki ya serikali, wakachukiwa na pande zote mbili. Imani yao ilijaribiwa usiku baada ya usiku, lakini hadithi imewafanya kuwa giza la nje ya madirisha.

Na wale waliopanda kushambulia, je, ni nani? Hadithi haiwapi jina wala neno, ila lile la hofu. Serikali ya wakati ule iliwaita magaidi. Lakini mambo ya Lari yalikuwa na mzizi katika ardhi. Mwaka 1940 hivi serikali iliwahamisha watu kutoka Tigoni, mahali palipotakiwa kwa Wazungu, ikawapa nafasi Lari. Luka alikubali mabadilishano yale. Wengine hawakukubali, na uchungu wao haukupoa. Serikali ya Kenya iliiondoa marufuku ya Mau Mau mwaka 2003, na mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso waliyotendewa watu wakati ule, ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000. Hatusemi kwamba dhuluma ya ardhi yahalalisha kumchoma mtoto. Twasema kwamba adui naye ni mtu mwenye habari yake. Hata Elisha, alipozungukwa na farasi na magari ya moto kule Dothani, aliwaombea maadui chakula na maji, wakala wakarudi kwa bwana wao. Wasimuliaji wetu huuchukua moto wa Dothani, wakakiacha chakula.

Mtu asifikiri kwamba twataka ushuhuda ukose nguvu. Uko ushuhuda mwingine uliopita katika kipimo hiki. Helen Roseveare, daktari Mwingereza, alifika Kongo mwaka 1953, akafanya kazi Nebobongo. Uasi wa Simba ulipofika mwaka 1964 hakuona watu wa kung'aa. Alipigwa, akanajisiwa, akawekwa kifungoni mpaka siku ya mwisho ya mwaka ule. Alisema wazi kwamba usiku ule alijiona ameachwa, na kwamba Mungu alimjia katikati ya mateso wala si kwa kumwepusha nayo. Alisimulia jinsi kijana mmoja Mkongo alivyojitupa mbele kumtetea, akapigwa mpaka akadhaniwa amekufa. Tena alisimulia juu ya umati wa wanaume walioletwa ili wapige kelele ahukumiwe. Badala yake walimsogelea wakasema kwamba huyu ni wao. Ndani ya ushuhuda huu imani imo, na jirani yumo, na jeraha limo. Mwaka 1966 alirudi kufanya kazi katika nchi ile ile. Sisi twauona una nguvu kuliko ule wa Kijabe, kwa kuwa mtu aliyejeruhiwa aweza kuusikia bila kujiona ametupwa.

Nasi kwetu wako waliojeruhiwa. Tangu mwaka 2006 hivi, watu wenye ualbino walianza kuwindwa katika mikoa hii kwa ajili ya biashara ya waganga na tamaa ya mali. Mwaka 2015, wilayani Chato katika Mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja hivi alinyang'anywa kwa mama yake akauawa, na mama akakatwa mapanga akimtetea. Watoto wengine wengi walikusanywa Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa, mbali na wazazi wao. Vikongwe nao wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Mwindaji wa mtoto aogopa kijiji kilicho macho, na jirani atokaye nje mara asikiapo yowe. Anayefundishwa kwamba ulinzi washuka toka juu juu ya nyumba ya mwenye maombi tu, atasikia yowe la jirani naye atapiga magoti, mlango umefungwa.

Basi, ndugu walimu na wazee wa kanisa, tunapopewa nafasi ya kushuhudia, tumtaje Yakobo kabla ya Petro. Tuulize majina ya wale waliokesha mlangoni, waliopika, waliokimbia kuita watu, tuyaandike wangali hai wenye kuyakumbuka. Kama malaika walionekana, na watajwe pamoja nao. Na hadithi ya Kijabe isimuliwapo tena kwetu, msimuliaji aanze na Lari.